Upande wa Pili wa Kadi

Kila Jumamosi nilimsaidia shangazi, mtunzaji wa makumbusho, kuweka picha mtandaoni. Yeye alipiga picha. Mimi niliandika maelezo kutoka kwenye kadi ya kila kitu cha kale. Wiki tulipoweka picha ya chungu cha kale, ilipendwa na watu watatu, mmoja wao shangazi mwenyewe.

Ikafika zamu ya rungu. Kadi ilisema: “Rungu lenye damu iliyokauka. Limetolewa na mhunzi wa mtaa huu.” Basi. Niliona maneno yamepooza, nikayatia chumvi: “Kwa rungu hili, baba yake mhunzi aliua majirani tisa.” Shangazi alikuwa na wageni, nikaiweka mtandaoni mwenyewe. Jioni watu elfu nne walikuwa wameipenda picha hiyo, na kichwa kikanivimba.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, wenzetu walimzingira Cheche, mjukuu wa mhunzi, ninayekaa naye dawati moja.

“Ukoo wa wauaji,” mmoja alisema, akampiga ngumi ya mdomo.

Alipoanguka walimpiga mateke mbavuni. Jiwe likampasua juu ya jicho, damu ikamtiririka hadi kwenye kola. Mwalimu alipowatawanya, Cheche alinitazama kwa jicho moja.

“Shangazi yako ndiye aliyeweka maneno yale. Ni ya kweli?”

Niliona aibu, nikamkwepa.

Kengele ya mwisho ilipolia nilikimbilia makumbusho. Njiani niliwaona watu wakivunja madirisha ya karakana ya mhunzi kwa mawe.

“Shangazi, wale tisa niliwatunga,” nikasema nikilia.

Aliwapigia polisi kwanza. Kisha akaigeuza kadi, jambo ambalo mimi sikulifanya. Nyuma iliandikwa: “Damu ni ya baba yake mhunzi. Alipigwa akiwazuia watu wasichome nyumba ya jirani.”

Tuliweka mtandaoni pande zote mbili, nami nikaandika kwamba uongo ulikuwa wangu. Halafu tukaenda kwa mhunzi. Alikuwa akifagia vioo.

“Baba yangu alipigwa kwa rungu lile mara moja,” akasema. “Wewe umempiga mara ya pili, na hata hukulishika. Mwanangu, kabla hujaandika, soma yote. Yakiwa mafupi, yaache mafupi.”

Cheche alikuwa hapo kando yake, ameshonwa nyuzi sita.

“Kesho utanisomea ubaoni,” akaniambia. “Jicho halifunguki. Na usome yote.”