Nikupunguze Pembeni?

"Huyu mwanamume ni nani kwako?"

Fundi bomba alisimama kwenye mlango wa jikoni, simu ya mkewe mkononi, viatu bado vinachuruzika maji ya kazini. Mkewe alikuwa anapima joto la maji kwenye beseni.

"Kinyozi wa pale kona. Kwani humjui?"

"Namjua sana, ni mtu wa kwetu, kichwa changu nampa yeye! Sikia anachokutumia."

Akabonyeza. Sauti nzito ikasema, kwa lugha ya kwao fundi: "Vua taratibu. Usione haya, tuko wawili tu."

Ikafuata sauti ya mkewe, ikirudia maneno yale yale, laini.

Fundi akaizima.

"Kwa kikwetu! Lugha niliyonyonya kwa mama ndiyo mnayofanyia uchafu wenu!"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza! Nimeshamwandikia: 'Kesho nakuja na spana.' Na wewe, tangu lini unajua kikwetu?"

"Siku niliyojaribu mbele ya dada zako, nani alicheka mpaka akapaliwa? Nani aliniita kasuku?"

Alikuwa ni yeye. Lakini wivu hauna masikio.

"Ndiyo ukamkimbilia kinyozi?"

"Yeye hacheki."

Chumbani, mama yake fundi akaita. Tangu apigwe na kiharusi, Kiswahili kilimtoka chote, ikabaki lugha ya utotoni. Mchana kutwa fundi yuko kwenye mabomba ya watu. Mama na mkamwana wanabaki kutazamana kama mabubu. Kumwogesha ilikuwa vita: alikuwa anafinya, analia, anaita majirani.

Mkewe akabeba beseni, akaingia, akavuta pazia. Fundi akabaki nje, kidole kikiwa tayari kumpigia kinyozi.

"Vua taratibu, mama," mkewe akasema kwa kikwao. "Usione haya, tuko wawili tu."

Kidole kikaganda.

Hakukuwa na kelele. Maji tu. Alipofika kichwani, mkewe akakosa neno la kuosha, akatoa lile alilozoea kusikia kinyozi akiwaambia wateja wa kwao:

"Nikupunguze pembeni, bosi?"

Kisha mama akacheka. Fundi alikuwa amesahau kile kicheko. Akaegemea ukuta. Mama akasema maneno mengi, polepole.

"Baba watoto," mkewe akaita nyuma ya pazia. "Najua umejibanza hapo. Nimeshika neno 'mikono' tu. Amesemaje?"

Fundi akasogea karibu na pazia.

"Amesema... binti huyu anaongea kama dume, lakini mikono yake ni ya mwanangu."

"Mwanawe si wewe?"

"Leo ni wewe."

Maji yalikoma kidogo, yakaendelea.

"Nisamehe, mke wangu. Nilikucheka, halafu nikaona wivu kwa maneno ya kumwogeshea mama yangu mwenyewe."

"Nitakusamehe ukiniambia kuosha kichwa wanasemaje."

Akamwambia. Mkewe akarudia, akalivunja neno vipande viwili. Fundi akang'ata mdomo, akalisema tena.

Kisha akamwandikia kinyozi: "Kaka, samahani sana. Kuanzia leo nitamfundisha mwenyewe."

Jibu likaingia papo hapo:

"Sawa. Spana iache nyumbani. Na usicheke."