Harusi ya Mtu Aliye Juu ya Nguzo

Bandari ya Bujumbura ilikuwa imechafuka kwa kelele za makuli asubuhi ile Houda alipomkuta kijana amelala, amelala fofofo, juu ya bobini, gurudumu kubwa lililozungushiwa waya wa chuma.

"Shuka, kaka! Ile bobini si kitanda," alisema Houda, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa mizigo forodhani. Alivaa hijabu ya bluu na viatu vya kisigino, viatu ambavyo mwenye akili havivai bandarini.

"Niko nalinda mutoto yangu," akajibu kijana. Aliitwa Shakuru, fundi kutoka mtaa wa Carama. "Hii waya inaenda Kongo, ku daraja. Motokaa juu, treni chini, na nguzo mbili tu, moja huku ya mto, moja kule."

"Waya kama kalamu ibebe treni? We muongo."

"Moja haiwezi. Zikiwa elfu na elfu, zimefungwa pamoja, zitabeba. Ata we nitakubeba."

"Jaribu, mugongo yako ivunjike!"

Meli ilichelewa, mapenzi hayakuchelewa. Walikula mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma, wakacheka, wakaapiana. Houda aliogopa jambo moja tu.

"Kule utapanda juu ya nguzo?"

"Apana, sheri, mupenzi yangu. Mi niko chini tu."

Mwongo huyo! Alipovuka ziwa alipanda nguzoni kila siku. Na kule juu simu ni marufuku, maana ikiponyoka inaua aliye chini, kwa hiyo mafundi waliziacha kwa mama mpishi.

"Allo, sheri?" Houda alipiga siku moja.

"Shakuru ameniachia simu," ikajibu sauti ya kike. "We njo nani?"

Houda akakata. Mtu anayefanya kazi chini anamwachiaje mwanamke simu yake? Akaifunga namba ya Shakuru, akalia hadi macho yakavimba. Nyumba ilijaa ndugu, naye alikuwa peke yake.

Wakaja watu wa Anouar, muuza vipuri, kuposa. Mzee Sulemani, baba yake mdogo aliyemlea, akamuuliza: "Houda, unamutaka?" Akanyamaza, anameza machozi. Kwa mila yao kimya cha mwali ni ndiyo. Fatiha ikasomwa.

Siku chache baadaye kaka wa Shakuru alimfuata Houda bandarini, akampa simu; Shakuru alikuwa hewani.

"Sheri, kwa nini umenifungia?"

"Ongea na bibi yako, ile anashika simu!"

"Ile? Ni mama mupishi! Houda, iko na wajukuu! Ku nguzo hatupandi na simu."

"Kumbe uko unapanda?"

"Niko napanda. Nilikudanganya kusudi usiogope."

Houda akaketi. "Nimeisha posewa, Shakuru. Nilinyamaza."

"Basi sema! Nakuomba, sema."

Jioni ile alisema. "Baba mudogo, ile siku sikukubali. Nilikuwa nalia."

Mzee alifoka, akaona haya mbele ya mtaa mzima, lakini alimrudishia Anouar posa yake. Kisha akatoa sharti: Shakuru aoe Ijumaa hii, ama amwache mtoto wa watu.

Shakuru angekujaje? Nyaya za daraja zikishaanza kuvutwa kazi haisimami, fundi akiondoka nafasi yake inachukuliwa, na daraja lilikuwa bado na miaka miwili. Kaka yake akakaa mbele ya shehe kama wakili, akapokea ndoa kwa niaba yake. Houda, katika gauni la dhahabu na hina hadi viwikoni, akaolewa na mtu asiyekuwepo. Alifurahi. Alikuwa mpweke pia, zaidi ya alipokuwa hana mtu.

Wageni walipotawanyika, simu ililia.

"Bibi yangu."

"Bwana yangu. Umeshuka?"

"Nimeshuka. Uko unafanya nini?"

"Niko nakula pilau ya harusi yetu. Peke yangu."

"Niwekee kidogo."

Houda akatazama sahani.

"Itaoza, bwana yangu."