Jiwe Lililoachwa Dukani

Saa nne na robo asubuhi, Jumatano moja ya mwaka 1953, Mzee Jaku alinyoosha mkono kuchukua jiwe la mizani la ratili tano, mkono ukashika hewa. Akatazama rafu. La kumi halipo, la nne halipo, la mbili halipo. Mizani ilining'inia juu ya meza, sahani zake tupu, na duka la kijiji cha Kigombe lilikuwa limejaa wateja.

"Tabia! Umeyahamisha mawe?"

"Sijayagusa, baba," binti yake alijibu, akitoka uani na buli la chai.

Nyuma ya Jaku alisimama Bwana Idarusi, mwenye duka, aliyefika kwa lori saa mbili kutoka Tanga. Mkonge ulipopanda bei, Idarusi alifungua maduka kumi na moja kwa miaka mitatu. Mkonge uliposhuka, ikambidi afunge manne, na alianza na hili. Leo kila gunia lilikuwa lipimwe, lipakiwe, kisha mlango utiwe kufuli.

"Jaku, unanichezea," alisema. "Umeficha mawe ili nisifunge."

"Wallahi, bwana, si tulikuwa wote ghalani muda wote huu?"

"Na binti yako alikuwa wapi? Saa kumi ikifika sijayaona, nakwenda kwa jumbe. Utalala lokapu."

Kwamba kazi inaondoka, Tabia alikwisha kukubali tangu juzi. Lakini baba yake kuitwa mwizi mbele ya Kigombe nzima, hapana.

Barazani, Bi Wanu, mama yake Idarusi, alikuwa amekaa mkekani akitafuna tambuu. Kila lori lilipokuja huku, yeye alipanda kiti cha mbele aje kumtazama dada yake, ambaye miguu ilikuwa imemwishia. Asubuhi alishuka na kapu la machungwa akilichukua kwa mkono mmoja, na tangu hapo alikuwa akiwagawia wateja.

"Mwache mzee wa watu," alimwambia mwanawe. "Turudi mjini. Tutakuja tena mwezi ujao."

"Mama, ngoja kwanza."

Wakatafuta dukani na ghalani mpaka adhuhuri, wasione kitu. Tabia alikaa kizingitini akafikiri. Saa tatu na nusu alimpimia mtu unga, na mawe yote yalikuwapo. Kisha akaenda jikoni kuchemsha chai. Luka dereva alikuwa chini ya lori akitengeneza breki. Miguu yake kila mtu aliiona. Aliyebaki kutajwa alikuwa Hamad mvuvi, maana juzi alimfokea Jaku kwa ajili ya sukari. Tabia akamwendea palepale kwenye foleni.

"Kaka Hamad, juzi ulimwambia baba nini?"

"Nilimwambia anapunja! Anapima ratili kwa jiwe la pwani. Jiwe, jamani! Kwani tunajenga msingi?"

"Sasa ungetaka kumkomoa, ungeiba nini?"

"Hilohilo jiwe, nikalitose baharini. Chuma cha nini kwangu?"

Watu wakaangua kicheko. Tabia hakucheka. Aligeuka kutazama rafu, na lile jiwe la pwani lilikuwa palepale konani, jeusi, laini kama yai. Jiwe la chuma la ratili moja lilipotea mwaka jana. Jaku aliandika barua Tanga mara tatu kuomba nyingine, barua zikapotelea katika maduka kumi na moja. Akatafuta jiwe lenye uzito uleule, na Kigombe nzima ikalizoea.

Basi mwizi alidhani hakuacha kitu cha kupimia. Mwizi ni mtu ambaye hajawahi kununua hapa hata chumvi.

Wakati huo mbuzi wa jirani alikuja akifuata maganda ya machungwa. Akanusa kapu la Bi Wanu, akarudi nyuma hatua mbili, akalipiga pembe. Kapu halikusogea hata inchi. Mbuzi ndiye aliyeyumba.

Saa nane kamili Tabia alipiga goti mbele ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi wewe?"

"Naomba chungwa moja."

"Yamekwisha, mwanangu."

"Kama yamekwisha, bibi, mbona kapu limemshinda mbuzi?"

Idarusi aliruka. "We binti! Unajua unasema na nani?"

"Namjua, bwana. Ni mtu pekee hapa ambaye huletewa chai na sukari alipokaa, hajapata kupimiwa dukani. Ndiyo maana ameliacha jiwe letu."

Bi Wanu alitema tambuu taratibu, akafunua kapu. Mawe manne yalikuwa chini, yamefunikwa kwa upande wa kanga.

"Mama!"

"Mama nini? Nilibeba moja moja chini ya ushungi kwa mlango wa uani, kabla watu hawajajaa, mgongo karibu ukatike. Na huyu mzee nilikuwa simwachii alale lokapu, ningesema kabla ya saa kumi. Ukifunga duka hili, lori litakuja huku kufanya nini? Nitamfikia dada yangu kwa kupanda nini, pweza?"

"Ungeniambia, mama."

"Nilikuambia mara mbili kwamba sina njia nyingine ya kumfikia. Mara ya kwanza ulikuwa unafungua duka la Makorora. Mara ya pili unafungua la pili la Chumbageni."

Hamad alicheka mpaka akashika nguzo. Idarusi aligeuka. Alitazama foleni: watu wamesimama tangu saa nne, na hakuna aliyeondoka. Akayakumbuka maduka yake mawili ya Chumbageni mjini, yanavyotazamana njia ikiwa katikati, wauzaji wakipigiana miayo.

"La Chumbageni la pili ndilo litakalofungwa," alisema mwishowe. "Jaku, nisamehe. Rudi kwenye meza yako."

Vigelegele vikapasuka. Hamad akadai jiwe lijaribiwe. Tabia akaweka ratili tano sahani hii, ratili nne na jiwe sahani ile. Mizani ikatulia sawasawa.

"Haya," Hamad alisema, "basi sukari ndiyo iliyonidanganya."

Bi Wanu alijikongoja akaupita mlango wa mbele kwa mara ya kwanza, akawasukuma watu kando, akaegemea meza.

"Mjukuu wangu, nipimie ratili moja ya sukari, nimpelekee dada yangu. Nipimie kwa lile jiwe."