Majibu ya Edinah

Nabalayo ni jirani wa shangazi yangu kule Kaptembwo, na si mtu wa kuamini mashetani. Kazi yake ni afya ya mtaa: anapita ploti kwa ploti, zile nyumba za vyumba vya kupanga, akiuliza nani anakohoa, anampa kikopo atemee makohozi ya asubuhi, kisha anakipeleka zahanati kipimwe kifua kikuu. Siku ile jua lilikuwa limewaka vizuri, akina mama wakifua nje, na yeye alikuwa na hasira kama kawaida.

Hasira yenyewe ilikuwa ya maabara. Ukipeleka kikopo leo, vifaa vya kupimia vimeisha. Ukirudi, stima imepotea. Ukirudi tena, Kibii wa maabara ameenda chai. Wanasema subira huvuta heri. Subira ya Kaptembwo ilikuwa inavuta majeneza.

Katika ploti moja watu walikuwa wakianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, hata wasiosalimiana. Nabalayo alitaka kujua nani anawaambukiza kabla ugonjwa haujavuka barabara ukaingia kwake, maana binti yake Kimberly ana kifua dhaifu tangu utotoni. Akaanza na Owino, fundi wa viatu. "Kabla hujaugua, alikutembelea nani?"

"Ni mathe fulani tu, mama amejifunika leso hadi machoni," Owino akasema. "Aliomba maji. Akakunywa, akakohoa, akaniuliza, 'Majibu yangu yametoka?' Nikamwambia mimi si daktari. Akaenda."

"Alikuwa amevaa aje?"

"Sweta ya green. Kifungo ya juu haiko."

Nabalayo alikalia ndoo bila kukaribishwa. Chumba kilichofuata walimweleza vivyo hivyo, na kilichofuata pia. Maji, kikohozi, swali.

Sweta ile ilikuwa ya Edinah, mpangaji wa chumba cha mwisho. Alitoa kikopo chake mvua zilipoanza, na kila alipomwona Nabalayo alimuuliza swali hilo hilo. Majibu hayakutoka hadi akafa. Walimzika na sweta yake. Nabalayo mwenyewe ndiye aliyefunga vifungo vilivyobaki.

Alifika maabara akihema, akadai majibu ya Edinah.

"Mathe, huyo si alikufa?" Kibii akashangaa. "Majibu ni ya nini sasa?"

"Tafuta, Kibii."

Kikopo kilikuwa nyuma kabisa ya friji, hakijawahi kufunguliwa. Nabalayo alitamani kumzaba kofi.

"Pima."

"Mathe, imebaki kifaa moja tu. Moja! Nitumie kwa mtu amezikwa?"

Alifikiria ploti ile. Alifikiria yule mama akibisha mlango baada ya mlango, kila mlango ukikaribia wa kwake.

"Pima," akasema.

Kibii akapima huku akinung'unika. Mashine ikamaliza kazi yake. Edinah alikuwa na kifua kikuu, kile cha kawaida, kinachotibika kwa vidonge vya bure. Nabalayo alilia pale pale mbele ya Kibii, kwa uchungu na kwa hasira.

Chumba cha mwisho kilikuwa bado na kufuli, hakijapata mpangaji. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Harufu ya omena ilitoka kwa majirani. Aliinama kwenye ufa wa mlango.

"Edinah," akanong'ona. "Majibu yametoka. Ulikuwa na kifua kikuu kweli. Pole, mama. Sasa pumzika."

Kisha ndani, karibu sana na ufa, mtu akashusha pumzi.

Nabalayo hakugeuka nyuma hadi kwake. Kimberly alikuwa akisuuza kikombe.

"Mum, kuna mathe amekuja saa hii. Nimempa maji."

"Amekuuliza nini?"

"Hajauliza kitu. Amesema tu hiyo kikopo uipeleke leo. Isiwe kesho."

Mezani palikuwa na kikopo, kifuniko kimekazwa. Ubavuni kimeandikwa Kimberly. Mwandiko ulikuwa wa Nabalayo, ila hakuwahi kukiandika.

"Umetema hapa ndani?"

"Mimi? Hapana." Kimberly akageukia ukuta, akakohoa kidogo. "Ni vumbi tu."

Nabalayo akapiga simu maabara. Kibii alichukua muda kushika.

"Mathe, si nilikuambia? Ile ya Edinah ndiyo ilikuwa ya mwisho. Rudi next week."

Simu ikakatika. Nabalayo akakishika kile kikopo. Kilikuwa bado na joto.