Kipande cha Baba

Kila jioni Hetty Stobbs alimngoja baba yake kwenye lango la mgodi. Jioni hiyo baba alitoka mbio, uso mweusi kwa vumbi la makaa.

"Hetty, basi linaniacha! Nakwenda kuwaona njiwa wa Jobson. Mpelekee Mzee Ridley kipande changu, usikawie!"

Kila mchimbaji alikuwa na kipande cha shaba chenye nambari. Kikiwa ukutani kwa Mzee Ridley, mtunza vipande, mwenyewe ametoka. Kisipokuwepo, yuko chini. Hata watoto wadogo wa kijiji cha Hesleburn walilijua hilo. Lakini rafiki yake Winnie alikuwa akimringia Hetty kwa bangili yake mpya. "Nitamwonyesha kipande hiki mara moja tu," Hetty akajisemea.

Walikuwa bado wanacheza king'ora kilipolia. Wanawake walikimbilia langoni, mikono ikiwa na unga. Paa la mgodi lilikuwa limeporomoka. Wanaume wa zamu ya pili walipanda wakikohoa, mpaka wa mwisho.

Mzee Ridley akatazama ukuta. "Msumari wa Stobbs mtupu. Bado yuko chini!"

Mama yake Hetty akapiga yowe. Mjomba Cuthbert akachukua taa, akaingia kwenye kizimba cha kushukia.

"Kuna gesi huko, wewe!" mtu akamwonya.

"Ni shemeji yangu. Simwachi."

Kipande mfukoni mwa Hetty kilikuwa kimelowa jasho la kiganja chake. Akisema, atachapwa mbele ya kijiji kizima. Akinyamaza, mjomba atakufa akimtafuta mtu ambaye hayupo. Kengele ya kushuka ikalia.

"Mjomba, usishuke! Baba alishatoka! Kipande ninacho mimi!"

"Simamisha!" Mzee Ridley akafoka.

Mjomba alitoka kizimbani; alikuwa hajafika langoni ardhi iliponguruma tena, na vumbi likatimka kutoka shimoni. Alimkumbatia Hetty. Hakuna aliyekumbuka fimbo.

Baba aliporudi, Mzee Ridley aliwasimamisha wote wawili.

"Stobbs, mtoto hatumwi kipande. Ona aibu! Nawe binti, umekosa, ila umesema. Aibu ya kusema kweli huisha. Msiba wa kuificha hauishi. Haya, mrudishe baba yako ukutani."

Hetty alikitundika kipande kwenye msumari wake. Alitumia mikono yote miwili, kisidondoke.