Taa Iliyovuka San Boldo

Ngazi ya tatu ilikuwa imelowa. Ya kwanza na ya pili hulowa katika kila nyumba ya Venisi bahari inapojaa, na hakuna anayejali. Lakini ya tatu ilikuwa na unyayo mmoja wa kiatu cha mwanamume, mkubwa kuliko wa Alvise, mwenye nyumba, nao ulielekea juu. Wa kurudi haukuwapo.

Alvise aliukuta alfajiri akienda kazini. Mkewe, Loredana, alikuwa bado amelala, kwa kuwa kazi yake ni ya usiku: kuwatembeza wageni kwa miguu katika viwanja vya mji, yeye mbele na taa mkononi, kama ukoo wake ulivyofanya zamani, enzi ambazo mitaa haikuwa na taa na watu waliajiri wachukua taa wa kuwafikisha makwao. Matembezi yalianzia San Polo yakaishia uwanja wa San Boldo, kwenye kisima cha jiwe kilichofungwa kwa kifuniko cha chuma. Hapo wageni walitawanyika, naye akarudi nyumbani peke yake. Ndivyo alivyosema.

Kesho yake ililowa ngazi ya nne, kesho kutwa ya tano. Ngazi za nyumba ile ni kumi na nne, nimezihesabu mwenyewe. Zilianza kunuka tope, harufu ya maji yaliyofungiwa miaka mingi.

Usiku wa siku ilipolowa ngazi ya kumi, Alvise alimuuliza mkewe mezani, juu ya sahani ya dagaa na vitunguu, ni nani anayemsindikiza. Loredana alicheka, na kicheko kile kilimuudhi Alvise. Akamwambia kwamba wameishi miaka kumi na moja bila kudanganyana, na kwamba asipolitaja jina kufikia Jumapili, yeye atahamia kwa dada yake, katika mji wa Mestre.

Jumanne akamfuata. Wengine katika familia husema ilikuwa Jumatano, wanakosea. Kulikuwa na ukungu. Aliwaona wageni wakiagana San Boldo, akaiona taa ya mkewe ikiingia kichochoroni, na nyuma ya taa, pale mwanga unapokwisha, akamwona mtu mrefu mwenye koti lililoshikamana na mwili kwa maji, akitembea mkewe anapotembea, akisimama mkewe anaposimama kutafuta ufunguo, bila kumsogelea wala kuachwa. Alvise alikimbia. Alipofika mlangoni alimkuta Loredana peke yake, na ngazi ya kumi na tatu ikichuruzika maji.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayekufikisha mlangoni."

"Mimi sifikishwi, Alvise. Mimi ndiye ninayefikisha watu."

Loredana akaitazama taa mkononi mwake. Ilikuwa bado inawaka.

Asubuhi Loredana alikwenda kwa shangazi yake, Nives, mwenye miaka themanini na minne. Bibi huyo alimkumbusha jambo ambalo kila mtoto wa ukoo ule aliambiwa: mchukua taa huizima katika uwanja wa mwisho, kabla ya kugeukia kwake. Anayeifuata taa ana haki ya kufikishwa mlangoni, awe mtu au asiwe mtu. Taa ya mafuta waliizima bila kufikiri, ili mafuta yasiishe. Loredana alinunua ya betri mwezi wa Septemba, akaona hakuna hasara kumulikia ngazi zake.

"Taa haina utambi, nawe huna akili," alisema Nives. "Amefika ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu, shangazi."

Bibi akaweka kikombe chini. Akamwagiza airudishe taa San Boldo usiku uleule, ikiwaka, bila kugeuka nyuma, aizimie kisimani, kisha arudi bila mwanga. "Taa za mtaani hazina neno. Inayofikisha ni ile iliyo mkononi. Pasiwe na taa ya mkononi kati ya kisima na mlango wako."

Loredana alimweleza mumewe yote, isipokuwa hilo la mwisho, akidhani linamhusu yeye tu. Alvise aliinamisha kichwa kwa aibu.

Usiku Loredana alitoka, taa ikiwaka, na kabla hajafika daraja la kwanza akazisikia hatua, nzito, zenye maji, zikikanyaga baada ya zake, harufu ya tope ikimpanda hadi kooni, naye akatembea akiyakaza macho mbele, uwanja hadi uwanja, mpaka kidole chake kikabonyeza swichi juu ya kisima na giza likashuka na hatua zikakoma. Alisubiri. Kimya. Akarudi akipapasa kuta, kifua kikilegea kidogo kidogo.

Kwenye kona ya kwao mwanga ulimjia ukiyumba. Alikuwa Alvise, na tochi.

"Nilikushuku bure, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona nije nikufikishe."

Alimshika mkono kabla hajaweza kusema. Walipanda pamoja, na Loredana akahesabu hatua zake, na za mumewe, kisha akaacha kuhesabu. Juu, Alvise alimfungulia mlango akapita. Yeye akaendelea kuushikilia wazi, tochi mkononi, kama mtu afanyavyo kwa heshima anapoona kuna mwingine nyuma.

Tangu usiku ule ngazi zote kumi na nne ni kavu. Kinacholowa ni sakafu ya ndani.