Duara la Mwanga la Luhende

Kisomanjozi kilizamisha meno yake ya chuma kichwani mwa Luhende, damu ikamchuruzika hadi kwenye kope, na ukuta wa tangi la maji ukawaka kama kioo cha sinema. Taji hilo lilichota kila kitu ambacho macho ya mtu yamewahi kukiona, hata alichokisahau mwenyewe, na kukirusha ukutani.

Juu ya paa la jengo hilo la ghorofa tisini, waumini wa Luhende walipiga vigelegele. Jua likifika utosini angewaongoza waruke wote, chombo cha mbinguni kiwadake. Dokta Nyamizi, mtafiti wa njozi na imani, alikuwa ameomba jambo moja tu: kwanza waione njozi yenyewe ya Luhende, ya duara la mwanga aliloliita chombo.

"Wakiona ni homa ya utotoni, watashuka kwa lifti," alimnong'oneza fundi wake, Shija.

"Na wasiposhuka?"

"Picha haibishaniwi."

"Watu hubisha hata jua, Dokta."

Luhende akacheka. "Chapuza, Dokta. Usafiri wangu hauna stendi."

Ukutani likatimka vumbi la mtaa wa Majengo, miaka thelathini nyuma. Macho yaliyoona yalikuwa ya Luhende mtoto, amelala chini. Fimbo zikashuka. Tofali likashuka. "Mwizi! Mwizi wa kuku!" Mtu akamvika tairi shingoni, mwanamke akainamisha dumu la petroli, kiberiti kikalia. Moto ukafunga duara kuzunguka anga, mweupe, mtulivu, ukielea. Kisha mvua kubwa ikapiga, na watu wakakimbia.

Paani waumini waligeuka kumtazama. Makovu ya shingo ya Luhende, waliyoyabusu kila ibada wakiyaita alama ya chombo, yalikuwa wazi mbele yao.

"Mama Sengi," sauti ikasema nyuma, "mwenye dumu si wewe?"

Luhende akageuza kichwa taratibu. Mama Sengi alikuwa muumini wake wa kwanza, aliyempikia uji kila asubuhi.

"Mama," akamwita, "kumbe ulikuwa wewe?"

Mama Sengi akaokota kipande cha bomba. "Mchawi! Anatubambikia damu!" Akampiga mdomoni. Aliyesimama kando yake, ambaye uso wake nao ulikuwa umepita ukutani, akapiga wa pili. Kisha wote.

"Zima, Dokta! Nisaidie tumburute ndani!" Shija alipiga kelele, mgongo wake ukipokea mateke.

Mkono wa Nyamizi ulikuwa kwenye swichi. Ukutani, juu ya ngumi na visigino ambavyo macho ya Luhende yaliviona sasa hivi, duara jeupe lilikuwa linachomoza upya.

"Subiri," alisema. "Njozi inazaliwa, Shija. Hakuna aliyewahi kuliona hili."

Bomba liliendelea kupanda na kushuka.

Hakuna aliyeruka. Jua lilipofika utosini walikuwa wanashuka kwa lifti, kundi baada ya kundi, wakipangusa mikono kwenye nguo zao. Shija alitambaa hadi kwa Luhende, akaling'oa taji, akaweka sikio kifuani pake. Ukuta ukawa giza.

"Mbona umezima?" Nyamizi alifoka. "Duara lilikuwa bado linashuka!"